Maji ya Nolturesh: zamu ya nani?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya futari, Loitokitok)



Ndugu zangu, niliombwa nizungumze juu ya subira. Nikamwambia katibu, subira tutafundishwa na kiu ya saa tisa alasiri, mimi niachie maji. Akacheka, akakubali. Na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwa nasi jioni ile, soma kana kwamba umeketi mkekani.

Tuanze na chemchemi. Ukiuliza watu wengi hapa mjini maji ya Nolturesh yanatoka wapi, watakuonyesha kilele cha Kilimanjaro. Ati theluji inayeyuka, inashuka, tunakunywa. Sivyo. Barafu ile imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na chemchemi bado zinatoka. Maji mengi ni ya mvua inayonyesha kwenye msitu ulio juu yetu. Yanazama katika mawe ya volkano, yanasafiri chini kwa chini, kisha yanachomoza huku kwenye ukavu. Na msitu wenyewe uko upande wa Tanzania. Kwa hiyo mlima ulipowaka moto Oktoba 2020, ukawaka tena Oktoba 2022, sisi tuliokuwa huku chini hatukuwa tukitazama msiba wa jirani tu.

Sasa, yakishachomoza yanakwenda wapi? Kuna bomba kubwa lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Linachukua maji ya chemchemi za Nolturesh, nayo yanateremka sehemu kubwa ya safari kwa mteremko wa ardhi mpaka Sultan Hamud, na kuendelea hadi Machakos, Kajiado na Athi River. Kazi ya maana, hakuna anayekataa. Lakini tangu siku hiyo chemchemi moja ina wenyewe wengi.

Mimi nimelelewa Kitengela, mji uliokua haraka kuliko mabomba yake. Kwetu mfereji ulikuwa pambo la ukutani. Maji tulinunua kwa lori au kwa mkokoteni wa punda, na ya kisima yalikuwa ya chumvi tena yenye floraidi. Ukicheka tu, meno yanasema umetoka wapi. Nilikua nikiamini kwamba watu wa Loitokitok wanatumalizia maji. Nilipohamia huku nikakuta wenyeji wanaamini kwamba ni sisi wa kule tunaomaliza ya kwao! Na katikati ya hapa na huko yuko mfugaji. Ng'ombe wake wanakanyaga udongo ambao chini yake maji yanapita, na yeye anatembea kilomita nyingi kutafuta silanga ambayo haijakauka.

Ukame ukikaza, bomba linatobolewa. Ng'ombe wanakunywa, maji yanamwagika, na aliye mwisho wa bomba anakauka. Tunamwita mwizi. Kutoboa ni kosa, sikatai. Lakini bomba linalopita kwa mtu mwenye kiu bila kumwachia hata birika la mifugo lilipimwa vibaya tangu siku ya kwanza. Hayo ni maoni yangu na nitayasema popote.

Ugomvi huu si mgeni. Huko Madina, Zubayr bin Awwam na mtu mmoja katika Ansari waligombania maji ya mitaro ya Harra, waliyokuwa wakimwagilia mitende. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mwenzake akataka maji yaachiliwe yapite, Zubayr akakataa, wakafika kwa Mtume (s.a.w.). Akamwambia Zubayr amwagilie, kisha amwachie jirani yake. Yule bwana akakasirika, akasema ni kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi yako. Hapo ndipo Mtume akampa Zubayr haki yake yote, ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba. Watu wakakadiria kipimo hicho kuwa ni kufika kwenye vifundo vya miguu.

Hebu angalieni vizuri. Hukumu ya kwanza ilikuwa ya suluhu, yenye nafasi ya wote wawili. Na hata ile haki kamili ya aliye juu ilikuwa na mpaka. Vifundo vya miguu. Si magoti, wala si siku tatu.

Sisi wa Loitokitok, Kimana na Rombo ndio Zubayr wa leo, tuko juu. Tunalima nyanya na vitunguu, na lori linaloondoka Kimana kwenda Nairobi au Mombasa limebeba maji yetu, ila yamevaa ganda jekundu. Sisemi watu wasilime. Wengi wenu karo yenu imetoka kwenye nyanya. Nasema juu ya mtaro unaoachwa wazi usiku kucha mwenye shamba akiwa amelala, huku kinamasi cha Kimana kinazidi kusinyaa. Ng'ambo ya mlima huu, Wachagga wana mitaro yao, mifongo, ya tangu zamani sana, na maji hugawiwa kwa zamu. Upareni wana ndiva, kibwawa kinachokusanya maji ya usiku yakafunguliwe asubuhi. Si mradi wa mabilioni. Ni udongo, mawe, na watu waliokubaliana.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji, pale wa juu na wa chini wanapokaa meza moja. Mkutano ukiitishwa, vijana nendeni. Msiwaachie wazee wenye mashamba peke yao. Ulizeni nani ana kibali, cha kiasi gani, na nani anapima.

Na tusijisahau. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, chini ya lita. Wekeni karai chini ya mfereji siku moja mpime. Tuseme mtu anatumia lita 5, na tuko watu 200: hiyo ni lita 1,000, mitungi 50 ya lita 20, kwa swala moja. Tukitumia lita moja moja, ni mitungi 10.

Nilipomaliza, kijana mmoja aliinua mkono. Akauliza, ule mfereji wa kutawadhia hapa nje unavuja tangu Shaaban, ni zamu ya nani kuutengeneza? Watu wakatazamana. Kabla ya tarawehe fundi alikuwa ameshabadilisha mpira wake.