Kuoka Nyama ya Kusaga Bila Oveni
Nyama ya kusaga isilale. Mashine huviingiza ndani vijidudu vilivyokuwa juu. Sisi tuliwahi kuipakua ikiwa bado nyekundu katikati, tukairudisha motoni wageni wakingoja. Aibu yetu!

Nusu kilo changanya na kitunguu, yai, chumvi na mkate uliolowekwa; watu sita watakula. Tia kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, funika, makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini, kama saa moja. Ikate katikati uone: wekundu usiwepo hata kidogo.

Mafuta yaliyobaki usimwage, mama! Kaangia unga wa ngano vijiko viwili hadi uwe kahawia, ongeza maji polepole ukikoroga. Mchuzi ukifanya madonge, chuja tu.