Mwaka Ule Haukupotea
*Neno la mama mmoja wa ushirika kwenye ibada ya maadhimisho, Gisenyi*

 

Ninawasalimu ninyi mliovuka kutoka Goma na Bukavu, mliotoka Uganda, Burundi, Tanzania na Kenya, na ninyi wenyeji wa Rubavu. Na wewe utakayelisoma neno hili baadaye, jihesabu umekaa nasi hapa.

Nimeombwa niseme juu ya vijana wanaompa Mungu mwaka mmoja wakimaliza sekondari, kabla ya chuo au kazi. Mimi si mchungaji. Ni mama, ninauza vitenge. Nitasema nilichokiona nyumbani kwangu.

Binti yetu alimaliza sekondari mwisho wa 2018. Baba yake alikuwa ameshapanga: chuo, uhasibu, kazi, kisha awasaidie wadogo zake. Jioni moja mtoto akasema, "Papa, Mama, kabla ya chuo nataka kumtumikia Mungu mwaka mmoja. Nitakaa Goma, nifundishe watoto wa kanisa la huko." Nyumba ikanyamaza.

Ninyi wazazi mnaijua hesabu tuliyoipiga kichwani: karo, wadogo watatu, na majirani watakaosema ameshindwa mtihani. Tena kulikuwa na jambo jingine. Miaka ya nyuma mume wangu alidhulumiwa mzigo na mfanyabiashara wa ng'ambo, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga Goma tena. Kutoka kwetu hadi Petite Barrière unakwenda kwa miguu tu, lakini yeye alikuwa ameufunga mpaka moyoni.

Mchungaji wetu akatusomea Matendo 11:26, pale Barnaba na Sauli walipokaa Antiokia mwaka mzima wakifundisha watu. Akatuuliza, "Kama mitume walitoa mwaka, ninyi mnaogopa nini?" Hatukuwa na jibu. Tukamruhusu, baba yake akiwa na shingo upande.

Alikwenda Januari 2019, akakaa na familia moja ya kanisa. Alifundisha watoto kusoma, alitembelea wagonjwa, alibeba madumu ya maji juu ya yale mawe meusi ya volkano. Mwezi wa saba Ebola ikathibitishwa Goma. Kwenye barrière ilikuwa ni kunawa mikono na kupimwa joto. Baba yake akapiga simu: "Rudi leo!" Mtoto akajibu, "Papa, mama wa hapa ananilea kama mtoto wake. Nikikimbia, hawa watoto ninaowafundisha watakimbilia wapi?" Baba yake akakata simu.

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimewaambia mwaache watoto wenu hatarini. Nililala na hofu usiku mwingi. Tuliketi na wachungaji wa pande zote mbili, tukakubaliana aache kutembelea wagonjwa, abaki na watoto tu. Imani haikatazi kunawa mikono.

Mwezi wa kumi na mbili akarudi. Wenzake walikuwa wamemtangulia chuoni, na hilo lilimuuma. Lakini tuliona vitu. Aliamka kuomba kabla yetu. Aliandika kila faranga kwenye daftari. Na kila Jumapili baada ya ibada aliwapigia simu watu wake wa Goma, akiwapa wadogo zake nao wasalimie. Polepole watoto wangu wote wakayajua majina ya ile nyumba. Mume wangu alikuwa anajifanya hasikii.

Ndipo ikaja Jumamosi ile, tarehe 22 Mei 2021. Mnaikumbuka. Mbingu ilikuwa nyekundu juu ya Nyiragongo, na watu wakavuka kwa maelfu, magodoro kichwani. Usiku sana simu ikalia. Ni yule mama wa Goma: "Tuko barrière. Tuko watu kumi na mmoja."

Kabla sijasema neno, mume wangu alikuwa anavaa viatu. Akaenda yeye mwenyewe. Akarudi nao, mtoto wao mdogo amelala begani kwake.

Siku zile ardhi ilitetemeka, na kuta za mji huu zikapasuka. Tukalala nje, wao na sisi, mkeka mmoja. Usiku mmoja niliwasikia wanaume wawili wakiongea. Mume wangu akaeleza habari ya ule mzigo, yote. Yule baba hakuwa yeye aliyemdhulumu, lakini alisema, "Kaka, pole. Walikukosea kwetu." Basi, hayo tu. Deni halijalipwa hadi leo. Lakini baadaye mume wangu alivuka kwenda kuwasalimia nyumbani kwao, miguu yake mwenyewe.

Nawauliza: nani alikwenda Goma 2019? Tulidhani ni binti peke yake. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inapelekwa.

Wala hili si jambo geni kwetu. Injili ya Kipentekoste iliingia Rwanda mwaka 1940, Gihundwe, ikivuka kutoka Kongo na wamisionari wa Kiswidi. Hapa vijana wanaijua Urugerero, utumishi wa taifa baada ya sekondari. Kenya, FOCUS wana mpango wa STEM, ambako wahitimu wa vyuo hutumika mwaka mmoja katikati ya wanafunzi. Jeunesse en Mission, ile YWAM iliyoanzishwa na Loren Cunningham mwaka 1960, huwapa vijana miezi ya darasa na miezi ya kutumwa. Njia zipo.

Lakini niseme na la uchungu. Kijana mmoja alitumika mwaka uleule na binti yetu. Aliporudi, nyumbani waliuliza, "Umeleta nini?" Hakuna aliyeuliza ameona nini. Kanisani hakupewa hata darasa la watoto. Baada ya miezi michache hatukumwona tena. Usiseme mwaka ule haukumfaa. Ni sisi tuliompoteza.

Mkumbuke Yohana Marko. Nyumbani kwa mama yake watu walikusanyika kuomba. Alitumwa, akarudi njiani, na Paulo akakataa kwenda naye tena. Barnaba, ndugu yake, ndiye aliyemchukua. Na mwishoni ni Paulo mwenyewe aliyeagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Soma 2 Timotheo 4:11. Mtu mmoja wa ukoo alimpokea, na hakupotea.

Kwa hiyo, kijana: usiutumie mwaka wa Mungu kukimbia chuo. Nenda na tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi. Mzazi: uliza atalala wapi, nani atawajibika kwake, na hasa kama ni binti, ujue nyumba yenyewe. Usione haya kuuliza. Wachungaji: kijana akirudi, mpeni nafasi ya kushuhudia, kisha mpeni kazi kabla mwezi haujaisha.

Na wewe unayesoma, labda yupo mmoja kwenu aliyerudi zamani na hakuna aliyemuuliza. Leo mkalishe, umpe chai, umwambie, "Mwanangu, tusimulie."

Mungu awabariki, na awavushe salama wote mnaorudi ng'ambo. Amina.