Meno Baada ya Waya



Hapa Misugusugu wapo wenye waya menoni. Mimi nilifunguliwa waya ukubwani. Wiki ya kwanza meno yaliteleza ulimini kana kwamba si yangu, nikaogopa hata muhindi wa kuchoma. Ndugu zangu, msitishike. Jino hushikwa na nyuzi ndogo ndani ya mfupa. Likisha kusogezwa, ni kama nguzo iliyochimbiwa jana: udongo haujashika. Mfupa hukaza kwa miezi, lakini nyuzi za ufizi huweza kuchukua mwaka, zikilivuta lirudi lilikotoka. Basi kifaa cha kushikilia meno kivaeni kama daktari alivyoagiza, hata meno yakionekana yametulia. Kikianza kubana, meno yanarudi. Mwoneni daktari mapema, msipoteze gharama waliyobeba wazazi.