Usimwagie Maji Mafuta Yanayowaka
Msikilizaji, lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita 1 ya mafuta ya kupikia haifiki hapo: ni takriban gramu 920. Tofauti hiyo ya densiti ndiyo inayofanya mafuta yaelee juu ya maji.

Sasa karai la maandazi limeshika moto. Ukimwaga maji, yanazama ndani ya mafuta yenye joto la nyuzi zaidi ya 300, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unatanuka zaidi ya mara 1,000 ukirusha mafuta yanayowaka hadi darini. Ajali kama hiyo inauma, maana kinga yake ni mfuniko tu. Tafadhali, zima jiko, funika karai, wala usilisogeze mpaka lipoe kabisa.