Utafutaji wa Maandishi Ndani ya Mafaili kwa Amri za Windows: Tatizo la Jibu Tupu

Utafutaji wa maandishi, kwa maana inayotumika katika mada hii, ni kuiagiza kompyuta ipitie mafaili mengi bila kuyafungua moja moja na kuonyesha kila mstari wenye neno linalohitajika. Katika dirisha la amri la Windows kazi hiyo hufanywa kwa find, iliyorithiwa kutoka MS-DOS, au kwa findstr, iliyo pana zaidi, ambayo hupewa swichi, yaani vifupisho vinavyotanguliwa na mkwaju: /s huingia katika folda za ndani, /i hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, na /n hutaja namba ya mstari. Washiriki wengi wa semina hii wanayafahamu hayo.

Ikumbukwe tu kwamba findstr huihesabu nafasi kati ya maneno kuwa ni "au". Anayeandika findstr "Asha Juma" *.txt huletewa kila mstari wenye Asha na kila mstari wenye Juma. Jina zima hutafutwa kwa findstr /c:"Asha Juma" *.txt. Kosa hili angalau hujionyesha, kwa kuwa majibu hufurika.

Tatizo linalostahili muda wa semina hii ni lile lisilojionyesha. Findstr ikikosa neno haitoi ujumbe wowote, na mtumishi wa masjala humjibu mwananchi kwamba kumbukumbu yake haipo, ilhali ipo. Sababu kubwa ni usimbaji, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti. Katika faili lililohifadhiwa kwa UTF-16 kila herufi ya kawaida hushika baiti mbili, moja ikiwa sifuri, hivyo "Juma" haimo kwa umbo ambalo findstr inalitafuta. Mafaili hayo hayatoki mbali: Windows PowerShell 5.1 huyazalisha kila matokeo yanapoelekezwa kwenye faili kwa alama ya >, na Notepad ya zamani iliyazalisha kila mtu alipochagua "Unicode" wakati wa kuhifadhi. Hati za .docx nazo zimebanwa, na maneno yake hayasomeki kwa amri hii.

Kwa Kiswahili upo mtego mwingine, nao ni ritifaa ya ng'. Programu ya Word huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99, badala ya moja, 27. Anayetafuta Chang'ombe kwa ritifaa ya kibodi haioni Chang’ombe iliyonakiliwa kutoka Word, ingawa machoni pa msomaji ni jina lilelile. Inasikitisha kwamba kasoro inayojulikana kwa mafundi kwa miaka mingi bado huachwa imwangukie mtu ambaye jina lake au mtaa wake una ng'.

Bila kuingilia mamlaka ya idara zinazohusika, inapendekezwa kwamba jibu tupu lisikubaliwe mpaka neno linalojulikana kuwamo katika faili hilohilo litafutwe kwanza na kupatikana. Mafaili ya UTF-16 yapitishwe kwenye amri ya type, kwa mfano type orodha.txt | findstr /i "Juma", au yatafutwe kwa Select-String ya PowerShell, ambayo hutambua usimbaji kutokana na alama iliyo mwanzoni mwa faili. Orodha mpya zihifadhiwe kwa UTF-8, na kila hati ya .docx yenye majina iwe na nakala ya maandishi matupu. Majina yenye ritifaa yatafutwe kwa findstr /r /i "Chang.*ombe" *.txt, ambapo .* hushika nafasi ya alama zozote zilizo katikati. Majina mawili, kama ilivyokwisha kuelezwa, yatafutwe kwa /c. Inapendekezwa tena, kwa msisitizo, kwamba mtumishi asimwandikie mwananchi "haipo" kwa sababu tu skrini haikuonyesha kitu, na kwamba barua yoyote ya namna hiyo iambatane na amri iliyotumika pamoja na orodha ya mafaili yaliyopitiwa, ili afisa mwingine aweze kuurudia utafutaji huo.