Basari Hairudishwi, Mkopo Hulipwa

Fedha za umma zinazomfikia mwanafunzi wa Makongeni akiingia chuoni si za aina moja. Basari ya eneo bunge, hapa Makadara, hutolewa chini ya sheria ya 2015 ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, nayo hairudishwi. Mkopo ni wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya 1995 baada ya mpango wa serikali ulioanza 1974 kulemewa na kazi ya kudai madeni. Safari hii sheria ilipewa meno: mhitimu ana mwaka mmoja tu kabla ya kuanza kulipa, na akiajiriwa, mwajiri hulazimika kumkata mshahara na kuwasilisha fedha hizo kwa bodi. Asiyeajiriwa naye deni lake halifutwi.