Nini Kibaki Butembo, Nini Kiende Winguni



Mada niliyopewa ni kupima njia za kuhamisha mashine pepe kutoka kwenye seva tunazomiliki kwenda kwenye wingu la umma. Swali la "tuhame au tusihame" halina jibu hapa kwetu Butembo na Beni, kwa sababu seva moja ya hospitali hubeba mashine pepe nyingi zisizofanana: ya faili za wagonjwa, ya kaunta ya malipo, ya tovuti, ya barua pepe, na moja au mbili ambazo hakuna anayekumbuka kazi yake. Kila moja ihukumiwe peke yake. Vipimo vya kuihukumia tayari tunavyo, maana vilitupata wenyewe.

Kipimo cha kwanza ni cha tarehe 31 Desemba 2018. Siku moja baada ya uchaguzi, ambao Beni na Butembo ziliahirishiwa hadi Machi kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama, serikali ilikata intaneti nchi nzima. Ilirudi karibu siku 20 baadaye. Ebola ilikuwa bado inaua katika mitaa yetu, na wagonjwa waliendelea kufika. Basi kila mashine iulizwe: mtandao ukikatika siku 20, kazi yako inaweza kungoja? Tovuti ya chuo inaweza. Kaunta ya coopec, yaani ushirika wa akiba na mikopo, haiwezi, wala famasi ya hospitali.

Kipimo cha pili ni cha mwisho wa Januari 2025. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zilifunga milango, na utawala wa mkoa ukahamia Beni. Aliyekuwa na data zake zote ndani ya jengo moja la Goma, hata kama seva zilibaki salama, hakuwa tena na uhakika wa kuzifikia. Sisi tuko kaskazini kwenye barabara hiyo hiyo, na tangu Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa, vita vimo ndani ya eneo la Lubero. Kwa hiyo swali la pili: jengo hili likipotea kesho, mashine hii inaweza kufufuliwa mahali pengine?

Tazameni jinsi vipimo hivi viwili vinavyovutana. Cha kwanza kinasema baki, cha pili kinasema ondoka. Wauzaji wa wingu hutuletea cha pili tu, na wale wanaopenda seva zao kama watoto hutaja cha kwanza tu.

Kwa nini jambo hili limetufikia sasa? Si kwa sababu ya mtindo. Tarehe 22 Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, yenye programu inayobeba mashine pepe, na Desemba ya mwaka huo huo ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa hulipwa kwa vipindi, kama kodi ya nyumba. Wenye toleo la 7 la vSphere, programu hiyo ya VMware, waliishiwa na msaada wa kawaida tarehe 2 Oktoba 2025. Taasisi iliyonunua mara moja ikadhani imemaliza, leo inaombwa fedha ambazo haikuziweka kwenye bajeti. Hapo ndipo mkurugenzi huuliza, "Si tuhamie winguni tu?"

Hasira ya leseni si sababu ya kuhama mji. Kuna njia ya katikati ambayo haitangazwi sana: kubaki na seva zile zile na kubadili programu inayobeba mashine pepe. Proxmox VE imetengenezwa Vienna tangu 2008, inatumia KVM iliyomo ndani ya Linux, na tangu Machi 2024 ina kifaa cha kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi ya VMware. XCP-ng inatunzwa na kampuni ya Vates ya Grenoble, na kwa mafundi waliosomea informatiki kwa Kifaransa hiyo si faida ndogo. Zote mbili hutumika bila kununua leseni. Unalipia msaada ukiuhitaji. Maoni yangu ni kwamba kwa taasisi nyingi za miji hii miwili, hatua hii itangulie safari yoyote ya wingu.

Tuje sasa kwenye wingu lenyewe. Wafanyabiashara wa Butembo hawahitaji kuelezwa: ni kontena la pamoja kutoka Guangzhou. Kila mmoja analipia nafasi yake, meli si yake, na bandari haimngoji. Bei ni nafuu kwa anayepakia kidogo. Anayejaza kontena zima mwaka mzima hupiga hesabu upya, na huko Marekani kampuni ya 37signals ilipiga hesabu hiyo, ikatangaza mwaka 2022 kwamba inatoka winguni na kurudi kwenye seva zake.

Vituo vya wingu vya kampuni kubwa vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Data inayopitia Uganda hushuka hadi Mombasa na kuingia baharini. Kwenye nyaya za nuru kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi, kabla ya kuhesabu foleni za njiani. Tuseme safari ni milisekunde 80: hazimuudhi anayesoma barua pepe. Lakini programu ya uhasibu ya kizamani huuliza hifadhidata mara 200 ili kufungua ukurasa mmoja. Ukiiacha programu Butembo na kuipeleka hifadhidata Cape Town, ukurasa huo utachukua sekunde 16, na karani ataomba daftari lake la zamani. Kwa hiyo programu na hifadhidata yake zihame pamoja, au zibaki pamoja.

Njia ya bahari nayo ina ajali zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikaburuza intaneti kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo naomba tusiidharau Kampala. Kuna kituo cha data cha Raxio huko Namanve tangu 2021, ambako mtu anaweza kukodi nafasi ya kuweka seva yake. Si wingu la umma kwa maana kamili, lakini fundi wetu anakifikia kwa gari kupitia mpaka wa Kasindi. Kuhusu Starlink, intaneti ya setilaiti, mamlaka ya mawasiliano ya ARPTC iliipiga marufuku Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Ni njia ya pili nzuri, mradi tukumbuke kwamba ruhusa iliyotolewa Kinshasa inaweza kuondolewa Kinshasa.

Hesabu ya kupakia ndiyo huwashangaza wakurugenzi. Chukua terabaiti 3 na laini ya megabiti 10 kwa sekunde, iwe yako yote, isikatike hata dakika moja: ni siku 28, mchana na usiku. Nakala ya kwanza ni bora isafiri kwenye diski zilizosimbwa hadi Kampala, ipakiwe huko kwa laini nene. Baada ya hapo mabadiliko ya kila siku yapite kwenye laini yetu.

Hesabu hiyo hiyo inageuka wakati wa kurudisha, na hapa nimeona mipango mingi ikianguka. Watu huandika "tuna nakala winguni" kisha wanastarehe. Siku ya msiba, je, utashusha terabaiti 3 kwa siku 28? Amazon hutoza takribani dola 0.09 kwa kila gigabaiti inayotoka kwenye vituo vyake vya Ulaya, yaani kama dola 270 kwa mzigo huo, na Cape Town ni ghali zaidi. Fedha hiyo inavumilika, siku hazivumiliki. Nakala iliyoko winguni iwe na uwezo wa kuwashwa huko huko, na wafanyakazi waliofika Beni au Kampala waitumie kupitia kivinjari. Kwa siku za kawaida mashine hizo zinalala, na unalipia hifadhi tu.

Kuna mambo mawili ambayo mafundi husahau. Malipo ya wingu hukatwa kwenye kadi ya benki. Benki ikifunga milango kama ilivyotokea Goma, kadi inaweza kukataa, na ankara isiyolipwa hatimaye hufungia akaunti, nakala zikiwemo. Akaunti iwe na kadi ya pili, ya benki iliyoko nje ya mkoa. La pili ni sheria. Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yaani Code du numérique, inalinda data za watu binafsi na kuweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Faili ya mgonjwa wa Katwa, hapa Butembo, haivuki Kasindi kwa uamuzi wa fundi peke yake. Mwanasheria aketi mezani tangu mwanzo.

Tusisahau umeme. Kwa miaka mingi Butembo iliishi kwa jenereta na paneli za jua, na mafuta ya jenereta hayaandikwi kwenye safu ya gharama za seva. Anayelinganisha bei ya wingu na bei ya seva bila mafuta, betri na mshahara wa mlinzi anajidanganya. Lakini hata ukihamisha kila kitu, kompyuta za ofisini na mitambo ya intaneti bado vitahitaji umeme huo huo.

Basi hukumu yangu ni hii. Tovuti, barua pepe na masomo ya mtandaoni ziende winguni mwaka huu. Kaunta, famasi na faili za wagonjwa zibaki hapa, juu ya programu isiyotufunga kwa leseni, zikiwa na nakala inayoweza kuwashwa nje. Mashine isiyo na mwenyewe izimwe, na isipoulizwa kwa miezi mitatu ifutwe. Nawaomba wakurugenzi wasitie saini mkataba wowote kabla fundi hajazima seva ya Butembo Jumamosi moja, na kuwaonyesha kaunta ikifanya kazi kutoka kwenye nakala.